"Punguza Mawazo" Si Tiba: Tunayoyakosea kwa Mgonjwa Aliyelemewa na Msongo

Kauli ninayoisikia wodini kuliko zote ni "punguza mawazo". Ndugu humwambia mgonjwa wakiwa wanaaga. Mgonjwa naye huirudia kwa unyonge: "Nesi, nimeambiwa nipunguze mawazo, najaribu lakini nashindwa." Kinachoniudhi zaidi ni kuikuta kwenye faili, imeandikwa na muuguzi mwenzangu sehemu ya huduma iliyotolewa: "Mgonjwa ameshauriwa kupunguza mawazo." Hapo hakuna huduma iliyotolewa. Mgonjwa amepewa kazi asiyoiweza, na akishindwa anajiona na kosa jingine juu ya ugonjwa alio nao.

Dhana: mgonjwa akiamua, anaweza kuacha kuwaza

Kauli hiyo inachukulia kwamba mawazo ni bomba la maji, mtu akitaka analifunga. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, na wapige kengele kila akiwajia akilini. Kengele ziliendelea kulia. Waliporuhusiwa kumfikiria baadaye, walimfikiria zaidi kuliko wenzao ambao walianza kwa kuruhusiwa. Huyo ni dubu asiyemhusu mtu yeyote. Mgonjwa aliyelala macho saa nane usiku anakatazwa kufikiria mguu wake, watoto wake, kifo chake.

Wanasaikolojia Richard Lazarus na Susan Folkman walilieleza jambo hili vizuri mwaka 1984. Mtu akikutana na zito hupima mambo mawili: linanitishia kiasi gani, na nina nini cha kulikabili? Analemewa pale anapoona alichonacho hakitoshi. Basi tathmini yetu haiwezi kuishia kwenye "ana mawazo". Lazima tujue anakabili nini, anakionaje, na ana nini mkononi.

Chukua mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda mguuni. Chakula hajakigusa. Anakunja pembe ya shuka, anaikunjua, anaikunja tena. Ukimwuliza hali anajibu "sijambo" kabla hujamaliza swali. Mapigo ya moyo yako juu, na sukari inapanda ingawa insulini anapata kwa wakati. Vuta kiti, ukae, macho yenu yawe usawa mmoja, umwulize: "Usiku, ni kitu gani kinakurudia zaidi?" Kisha nyamaza. Atakwambia, "Nitakatwa mguu." Ukifuatilia unakuta kilichopangwa ni kusafisha kidonda; asubuhi alisikia neno "upasuaji" madaktari walipopita, mengine akayajaza mwenyewe. Huyu anachohitaji ni maelezo. Mwite daktari arudi aeleze upya, nawe uwepo, kisha mgonjwa akusimulie alichoelewa kwa maneno yake.

Wa kitanda cha pili ana dalili zile zile, ila kinachomkosesha usingizi ni kibarua kitakachoota nyasi na watoto walioachwa peke yao. Maelezo ya ugonjwa hayatamsaidia. Anahitaji barua kwa mwajiri, simu kwa dada yake, afisa ustawi wa jamii. Wa tatu ameambiwa ugonjwa wake hauponi. Kwake hakuna cha kutatua leo, na ukianza kumtafutia suluhisho utamchosha. Anahitaji mtu wa kukaa naye akilia, kiongozi wa dini akimtaka, maumivu yadhibitiwe sawasawa, na mazoezi ya kupumua: avute hewa taratibu kwa pua, aitoe kwa muda mrefu zaidi kuliko alivyoivuta, kwa dakika 5.

Watu watatu, mahitaji matatu, na wote wangeambiwa punguza mawazo.

Swali la pili silikosi kamwe: "Huko nyuma ulipopatwa na jambo zito, ulifanya nini likapita?" Mmoja atasema aliswali, mwingine alilima, mwingine alikunywa pombe. Jibu hilo liandike kwenye faili kama lilivyotamkwa. Nalisisitiza sana kwa sababu "ana uwezo hafifu wa kukabiliana na msongo" haimsaidii muuguzi wa zamu ya usiku, lakini "anatulia akizungumza na mama yake mdogo" inampa mahali pa kuanzia. Lengo nalo liwe la kupimika: ndani ya saa 24 mgonjwa ataje kinachomlemea, achague njia moja ya kukikabili, na aifanye mbele yako.

Dhana: msongo uko kichwani tu

Mwanafiziolojia Walter Cannon alionyesha tangu 1915 jinsi hofu inavyomwaga homoni ya adrenalini na kuuandaa mwili kupigana au kukimbia. Hali hiyo ikidumu, kotisoli, homoni nyingine ya msongo, nayo hupandisha sukari na kudhoofisha kinga. Mwaka 1995 mtafiti Janice Kiecolt-Glaser na wenzake walilinganisha wanawake waliokuwa wakiwauguza ndugu wenye ugonjwa wa kusahau na wanawake wasio na mzigo huo. Kidonda kidogo walichotiwa na watafiti kwa ajili ya kipimo kilichukua wastani wa siku 9 zaidi kupona kwa wale wauguzaji. Kwa hiyo anayesema "tushughulikie kidonda kwanza, mawazo baadaye" anakichelewesha kidonda chenyewe.

Dhana: mkimya asiyesumbua anaendelea vizuri

Anayepiga kelele tunamwona. Aliyegeukia ukuta, asiyeuliza chochote, anayekubali kila kitu, ndiye ninayempitia kwanza nikiingia zamu. Muulize usingizi, hamu ya kula, na nani aliyemtembelea mara ya mwisho.

Dhana: ukimwuliza kuhusu kujiua utampa wazo

Si kweli. Utafiti wa Madelyn Gould na wenzake wa mwaka 2005, uliohusisha wanafunzi zaidi ya 2,000 wa sekondari nchini Marekani, haukukuta kwamba walioulizwa walizidi kuwaza kujiua kuliko wasioulizwa. Uliza waziwazi: "Je, umewahi kufikiria kujiua?" Akisema ndiyo, uliza kama ana mpango na kama ana cha kutumia. Usimwache peke yake, ondoa vyenye ncha kali, kamba na dawa zilizo karibu naye, na utoe taarifa saa hiyo hiyo. Usisubiri kukabidhi zamu.

Dhana: pombe kidogo humtuliza

Humletea usingizi mwepesi unaokatika katikati ya usiku. Halafu kuna hatari wengi wasiyoitarajia: aliyezoea kunywa kila siku akilazwa, pombe inakatika ghafla. Mtetemo huanza ndani ya saa 6 hadi 24 tangu alipokunywa mara ya mwisho, degedege linaweza kufuata ndani ya siku 2, na kuweweseka kukali kati ya siku ya 2 na ya 4. Ukiandika "ana wasiwasi" pasipo kuuliza anakunywa kiasi gani na alikunywa lini, unaweza kumpoteza.

Dhana: huyu ni msongo tu

Hii hutoka kwetu wenyewe, hasa mgonjwa akiwa na historia ya wasiwasi. Moyo kwenda mbio, jasho, kutetemeka na kukosa pumzi vinaweza kuwa sukari iliyoshuka, upungufu wa oksijeni, damu kuganda kwenye mapafu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, au salbutamoli (dawa ya pumu) aliyovuta muda mfupi uliopita. Pima oksijeni, sukari, joto, mapigo na shinikizo la damu, pitia karatasi ya dawa zake, kisha ndipo uvute kiti umwulize kinachomsumbua. Vipimo vyote hivyo havikuchukui dakika 10.