Neno "the" la Kiingereza: lini liwekwe, lini liachwe

Msikilize bibi akianza hadithi: "Hapo zamani za kale paliondokea mvuvi. Mvuvi yule alikuwa na mtumbwi. Mtumbwi ule ulikuwa umetoboka." Mara ya kwanza ni mvuvi tu, maana wajukuu hawajamjua. Mara ya pili ni "mvuvi yule", kwa sababu keshatambulishwa. Mwingereza angeisimulia hivi: "Once there was a fisherman. The fisherman had a canoe. The canoe had a hole in it."

Mfanano huo si wa kubahatisha. Katika Kiingereza cha zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, "the" lilikuwa neno la kuonyesha, la jamii moja na "yule" na "ile" zetu. Likatumika mpaka likachakaa, likabaki silabi moja isiyokazwa. Ndugu yake ambaye bado ana nguvu ni "that".

Kwa hiyo kabla ya kuandika "the", jiulize jambo moja: huyu ninayezungumza naye anajua ni kipi ninachokitaja? Kama anajua, weka "the". Kama hajui, kitu kimoja kinachohesabika hupewa "a" au "an", na vitu vingi au visivyohesabika huachwa bila neno lolote.

Kiswahili hakina neno la namna hii, lakini hisia yenyewe tunayo. Linganisha "Umeleta kitabu?" na "Umekileta kitabu?" Swali la kwanza laweza kuwa la kitabu chochote. La pili ni la kile tulichoagana jana, na ile "-ki-" ndiyo inayokifunga. Kiarabu nacho kina "al-", inayofanya kazi ya "the", ila wazee wetu walipoyapokea maneno ya Kiarabu waliimeza pamoja na neno. Imo ndani ya alfajiri, alasiri na Alhamisi, wala hatuisikii tena.

Tuendelee. Kitu si lazima kiwe kimetajwa ndipo kijulikane. Ukimwambia mtu chumbani "Close the door", hatauliza mlango upi. Tena kuna kitu kinachokuja na wenzake. Ukisema umepanda "a daladala", dereva na konda hawahitaji kutambulishwa: moja kwa moja ni "the driver" na "the conductor", maana daladala ina dereva wake na konda wake. Lakini abiria aliyekukanyaga mguu ni "a passenger", kwa kuwa walijaa tele na msikilizaji hana namna ya kumjua ni nani kati yao. Ukiushika mfano huu wa daladala, umeshika sehemu kubwa ya somo.

Jua na mwezi ni "the sun" na "the moon", kwa kuwa tunavyoviona angani ni hivyo hivyo sote. "The first", "the tallest" na "the same" hazina mjadala mrefu, kwani wa kwanza hawi wawili.

Mtego upo kwenye virejeshi. Mwanafunzi akiona "kitabu nilichonunua jana" anaandika "the book I bought yesterday", na mara nyingi yuko sawa. Kisha anakutana na "Nina rafiki anayeishi Mombasa" na kuandika "the friend". Hapana. Rafiki huyo ndiyo kwanza anatajwa, na huenda unao watano huko Mombasa. Ni "I have a friend who lives in Mombasa."

Unapozungumzia kitu kwa ujumla wake, liache. "Maisha ni magumu" ni "Life is hard". Ukisema "The life is hard", Mwingereza atabaki anasubiri umwambie ni maisha ya nani au ya wapi. Sukari ikipanda bei ni "Sugar is expensive", ila sukari iliyo pale mezani ni "Pass me the sugar".

Sasa shule na hospitali, zinazowatesa hata waliosoma sana. Mtoto aliyekwenda kusoma "is at school". Mama yake aliyeitwa na mwalimu "went to the school". Mgonjwa aliyelazwa "is in hospital", lakini fundi bomba aliyekuja kuziba mfereji "is at the hospital". Bila "the" unataja shughuli ya mahali pale. Ukiliweka, unataja jengo. Kanisa na gereza hufuata njia hiyo hiyo. Wamarekani husema "in the hospital" hata kwa mgonjwa, ila shuleni kwetu tumefundishwa ya Waingereza. Sokoni lakini usiipeleke kanuni hii: hata anayekwenda kununua nyanya anakwenda "to the market". Hapo ni mazoea tu.

Majina ya mahali nayo yana tabia zake. Mito, bahari na safu za milima hutaka "the": "the Rufiji", "the Indian Ocean", "the Usambara Mountains". Ziwa na mlima mmoja havitaki: "Lake Victoria", "Mount Kenya". Tanzania peke yake haina, lakini ukiita kwa jina refu ni "the United Republic of Tanzania". Nchi zenye majina ya wingi hulichukua, kama "the Comoros". Gambia hulibeba katika jina lake rasmi. Ukraine nayo zamani iliitwa "the Ukraine", na baada ya uhuru wa mwaka 1991 desturi hiyo ikaachwa, kwani ilisikika kama jina la eneo tu, si la nchi.

Jina la mtu halipewi "the", isipokuwa ukiitaja familia nzima: "the Kamaus" ni akina Kamau.

Kuhusu matamshi, sikiliza sauti inayofuata, usitazame herufi. Kabla ya irabu ni "dhi", kwingine ni "dha" fupi. "The hour" hutamkwa "dhi", kwa kuwa h yake haisikiki. "The university" hutamkwa "dha", kwa kuwa inaanza kwa sauti ya "yu".