Praima ya ukuta wa nje: maana yake na kazi yake chini ya lipu ya mapambo

Chovya brashi kwenye ndoo ya maji safi, kisha urushie ukuta wa nje uliopigwa lipu ya kawaida na ambao bado haujapakwa kitu. Simama utazame. Mahali pengine maji yatapotea kabla hujahesabu hadi tano, yaache doa jeusi lisilong'aa. Hatua mbili pembeni, pale palipozibwa baada ya fundi umeme kupitisha mabomba yake, maji yatateremka kama machozi mpaka chini ya msingi. Ukuta ni mmoja na kwa macho saruji ni ileile, lakini kiu haifanani. Kwa sababu ya kiu hiyo, kabla ya kitu kingine chochote, ndipo praima ikahitajika.

Praima ni kimiminika kinachopakwa kwenye ukuta uliokwisha kusafishwa na kukauka, kabla ya kuweka lipu ya mapambo. Huingia kwenye vinyweleo vya ukuta, hushikanisha vumbi lililobaki, hupunguza na kusawazisha unyonyaji, kisha huacha uso ambao lipu inaweza kuung'ang'ania. Lipu ya mapambo ninayoisema hapa ni lile tabaka la mwisho linalokuja kwenye ndoo likiwa tayari limechanganywa na rangi na punje za mawe. Unene wake hulingana na punje yake kubwa, mara nyingi milimita 1.5 hadi 3, na fundi huisugua kwa bao la plastiki mpaka itoke mikwaruzo kama gome la mti. Wakenya wataiita plasta ya urembo. Kazi ni moja.

Watu wengi huchanganya praima na andakoti. Andakoti ni tabaka la chini la rangi: linaufunika ukuta na kuupa weupe ili rangi ya juu isile ndoo nyingi. Praima inashughulika na ukuta wenyewe. Wapo pia mafundi wanaochukua rangi ya maji ya bei nafuu, wanaizimua kwa maji mpaka inakuwa kama uji wa mgonjwa, wanaipaka na kusema praima tayari. Rangi ya aina hiyo ina chaki nyingi na gundi kidogo, na ukiizimua unaipunguza gundi hata ile kidogo iliyokuwamo. Ukutani inabaki kama poda nyeupe. Ukipaka kitu kizito juu yake, kitaishika ile poda, na poda haijaushika ukuta.

Turudi kwenye kiu, maana hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Lipu ya saruji imejaa mirija midogo isiyoonekana, na mirija hiyo huvuta maji kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta. Lipu ya mapambo inapokandikwa juu yake inahitaji kukaa na maji yake kwa muda. Kwanza, fundi anahitaji dakika za kuisawazisha na kuisugua. Pili, gundi iliyomo huungana na kuwa ngozi moja wakati maji yanapotoka polepole. Maji yakinyonywa ghafla kutoka nyuma, gundi inakauka vipandevipande kabla haijaungana. Fundi mwenyewe atakwambia, "Hapa pananyonya," utamsikia akikandamiza bao kwa nguvu, punje zikikwaruza ovyo badala ya kuzunguka. Akifika pale pasiponyonya, bao linateleza na mchoro unakuwa mwingine. Jioni jua likimulika ukuta kwa ubavu utaona mabaka, mistari ya maungio, na kila mraba wa jukwaa alilosimama fundi ukijitokeza kama kiraka. Lawama zitamwendea fundi wa bao. Mara nyingi kosa lilitendeka siku moja kabla hajafika.

Kanuni hii mafundi wetu wanaijua tangu zamani, ila hawaiiti praima. Mjenzi anayetaka kupiga lipu ya saruji juu ya tofali kavu hulimwagia maji kwanza, kisha hurusha rojo la saruji na mchanga ili ukuta uwe na meno. Maji yanatuliza kiu, rojo linatoa mshiko. Praima ya kiwandani inafanya mambo hayo mawili kwa pamoja, kwa ajili ya lipu ambayo ni nyembamba sana na isiyopenda maji ya ziada nyuma yake.

La pili ni vumbi. Mwaka juzi niliitwa kutazama nyumba moja Kigamboni, ukuta wa upande wa magharibi. Lipu ya mapambo ilikuwa na miezi michache tu. Nilipobonyeza kwa kidole gumba karibu na dirisha, kipande cha ukubwa wa sinia kikalia kama debe, na nilipokiinua kwa ncha ya kisu kikatoka chote. Chenyewe kilikuwa kigumu, kikakatika kwa mlio mkavu. Kasoro ilikuwa mgongoni: huko kulikuwa na tabaka jembamba la unga wa kijivu, laini kama unga wa muhogo, ukifuta kwa kidole unabaki na alama ya kidole. Ukuta ulikuwa umesuguliwa msasa, haukufutwa, haukupakwa praima. Mwenye nyumba alilipa lipu nzuri, akalipa na ufundi, na vyote viwili vilikuwa vimegandishwa kwenye vumbi. Iliniuma, kwa sababu brashi moja, ndoo ya praima na siku moja ya kusubiri vingeiokoa kazi yote.

Kipimo cha vumbi ni kiganja. Pitisha mkono ukutani. Ukirudi mweupe au wa kijivu, ukuta huo unahitaji kwanza kufagiliwa kwa brashi ngumu, kisha praima nyepesi ya kupenya, ile inayofanana na maziwa na inayokauka bila kuonekana. Chembe zake za gundi ni ndogo sana, ndiyo maana huingia ndani na kuushika unga uwe sehemu ya ukuta. Lakini nayo ina mpaka. Kama ukikwaruza kwa msumari lipu ya chini inamomonyoka mpaka sentimita moja ndani, mchanga ulizidi saruji au lipu haikumwagiliwa, na hapo hakuna praima ya kuponya. Inabanduliwa.

Kuna pia ukali wa saruji mbichi. Lipu mpya ina pH (kipimo cha ukali huo) ya 12 hadi 13, ukali wa kuchubua mikono ya anayeichanganya bila glavu. Ukali huo hupungua kadiri hewa inavyoingia kwenye lipu, na ndiyo sababu watengenezaji wengi hutaka lipu ya saruji ikae kama siku 28 kabla ya kupakwa chochote cha mapambo. Anayeharakisha na kupaka praima ya mafuta kwenye lipu mbichi anapika sabuni bila kujua. Ni kanuni ileile ya sabuni ya mawese ya Kigoma: mafuta yakikutana na kitu kikali namna hiyo hugeuka sabuni, na sabuni haishiki ukuta. Utaona utelezi na ngozi inayochubuka. Kwa hiyo kwenye lipu ya saruji praima iwe ya maji, na iwe ile iliyoandikwa kwenye ndoo kwamba inastahimili alkali, yaani huo ukali wa saruji.

Na chumvi? Pwani hakuna asiyejua ukuta unaotoa chumvi. Mchanga wa ufukweni usiooshwa huja na chumvi yake, maji ya visima vyetu vingi nayo yana chumvi, na unyevu unaopanda kutoka ardhini huibeba mpaka usoni. Maji yanapokauka, chumvi hubaki na kuota kama manyoya meupe, ikisukuma kila kilicho mbele yake. Praima hupunguza unyevu unaopita, lakini chanzo kikiwa hai chumvi itajikusanya nyuma yake na siku moja itaisukuma ianguke pamoja na lipu. Rekebisha kwanza gata linalovuja, udongo uliorundikwa juu ya usawa wa msingi, au bomba. Fagia chumvi ikiwa kavu. Ukiiosha kwa maji mengi unairudisha ndani. Njia rahisi ya kujua kama ukuta bado una unyevu ni kubandika kipande cha nailoni safi chenye ubavu wa kama nusu mita, ukizibe pande zote kwa utepe wa gundi, ukiache usiku kucha. Asubuhi kikiwa na matone upande wa ndani, subiri.

Mshiko ni habari nyingine. Praima inayotangulia lipu ya mapambo mara nyingi huwa nzito, na ndani yake kuna mchanga laini wa kwatzi, jiwe gumu. Ikikauka, ukuta unakuwa kama msasa. Mafundi wageni wa kazi hii huudhika, wanaukwangua wakidhani ni uchafu ulioingia kwenye ndoo. Ule mchanga ndio ngazi ya lipu: lipu bado ni majimaji na inavutwa chini na uzito wake, kwa hiyo inahitaji pa kukanyaga. Umuhimu wake unaonekana hasa kwenye ukuta uliopigwa niru, ule mpako laini wa saruji wa kumalizia lipu, ukang'aa. Niru ni laini na imeziba vinyweleo. Praima ya kupenya haipati pa kuingia. Kwaruza uso huo kwa brashi ya waya au msasa mkali, futa, kisha paka praima yenye mchanga.

Rangi nayo isisahaulike. Lipu ya mikwaruzo huacha mifereji ambayo chini yake praima huonekana. Kama lipu ni ya njano ya embe na ukuta ni wa kijivu, kila mfereji utakuwa mstari wa kijivu. Agiza praima itiwe rangi inayokaribiana na lipu.

Aina ya praima hufuata aina ya lipu. Lipu yenye gundi ya akriliki, aina ya plastiki, huenda na praima ya akriliki. Lipu ya silikati ina jamaa yake. Teknolojia hiyo ilitoka Ujerumani, ambako Adolf Wilhelm Keim alipata hataza ya rangi za silikati mwaka 1878. Gundi yake ni silikati ya potasiamu, na hujenga undugu wa kikemia na chokaa iliyomo ukutani. Inataka ukuta wa mawe, saruji au chokaa. Juu ya rangi ya plastiki ya zamani haina cha kushikana nacho.

Kwenye nyumba za kale za mwambao ningeomba watu waende polepole zaidi. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, na za Lamu, ulioingizwa mwaka 2001, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nyingi zikiwa na unene wa karibu nusu mita. Kuta hizo hupokea unyevu na kuutoa, masika kwa kiangazi. Ukizifunika kwa praima ya plastiki na lipu isiyopumua, unyevu unakosa njia, chokaa ndani inalainika, na lipu mpya inaondoka na sehemu ya ukuta. Kwa ukuta wa chokaa, kitangulizi ni kilekile cha wazee: fagia, lowesha kwa maji safi mpaka usinyonye kwa pupa, ngoja maji yanayong'aa yapotee, kisha kandika chokaa. Chokaa hukomaa kwa hewa ya ukaa, na bila unyevu kidogo haikomai.

Upakaji wenyewe hauna maajabu, ila una masharti. Usipake ukuta unaounguza mkono. Dar es Salaam wakati wa kaskazi, ukuta wa magharibi saa kumi jioni hauguswi; upake asubuhi, ukiwa kivulini. Mvua ikiwa inanukia, acha. Praima ya maji ambayo haijakauka inaoshwa yote. Koroga ndoo kila baada ya muda, kwa kuwa mchanga hushuka chini na nusu ya mwisho ya ukuta itapata mchanga wote. Tumia brashi pana au rola yenye manyoya, usukume praima iingie. Usiongeze maji zaidi ya yaliyoandikwa kwenye ndoo.

Na usizidishe praima yenyewe. Ile nyepesi ikipakwa mara tatu nne kwa nia njema huacha ukuta uking'aa kama kioo, na lipu itauteleza sawasawa na inavyoteleza kwenye niru. Praima yenye kwatzi hula takriban kilo 0.2 hadi 0.35 kwa mita moja ya mraba. Nyumba yenye mita za mraba 130 za ukuta wa nje, toa milango na madirisha, ikila 0.3 ni kilo 39, yaani ndoo mbili za kilo 20. Fundi akikwambia nusu ndoo inatosha, muulize ataizimua kwa kitu gani.

Praima ya kupenya hukauka kwa saa chache. Ile yenye mchanga iachie usiku mzima, na wakati wa masika zaidi ya hapo. Kabla ya kufungua ndoo ya kwanza ya lipu, rudi na ile brashi ya maji. Rusha pale palipokunywa kwa pupa, rusha na pale palipokuwa pakiteremsha. Sasa maji yanapaswa kukaa kidogo mahali pote kwa namna moja, yakiingia taratibu. Kisha pitisha kiganja pakikauka: kirudi kisafi, kikiwa kimekwaruzwa kidogo.