Kwani huyu mtoto ni mzee?

Ndivyo shangazi alivyouliza alipoona enalaprili kwenye mfuko wetu wa dawa. Hata kwenye foleni za kliniki za moyo hapa Nairobi wazazi huulizana hivyo: dawa ya presha si ya watu wazima? Mtoto aliyepasuliwa moyo mara nyingi hana presha ya juu. Hupewa enalaprili au kaptoprili ili mishipa ilegee na moyo usukume damu bila kukazana. Kwa hiyo mashine ikionyesha presha nzuri, usiache dawa.

Kikohozi kikavu nacho husingiziwa baridi ya Julai. Pengine ni baridi kweli. Lakini dawa hizi huzuia pia kuvunjwa kwa bradikinini, kemikali ya mwili wenyewe, na ikijaa koo huwasha. Hapo sirapu ya kikohozi ni kutupa pesa. Mweleze daktari, anaweza kumhamishia losatani, dawa nyingine ya kulegeza mishipa. Midomo, ulimi au uso ukivimba, hiyo ni dharura: kimbia hospitali saa hiyo hiyo.

Linalonitia hofu zaidi ni ile imani kwamba dozi hairukwi hata iweje. Mtoto anayeharisha au kutapika hupungukiwa maji, na enalaprili, hasa ikiandamana na furosemidi, dawa ya kukojoza, inaweza kushusha presha kupita kiasi na kuumiza figo. Pigia kliniki kabla ya dozi inayofuata. Anayetumia propranololi, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, asipokula sukari yake ya damu inaweza kushuka. Ukimwona amelegea na kutoka jasho, usiseme, “Amechoka tu, mwache alale.”

Tena homa ikipanda usiku tunakimbilia kemisti ya mtaani na kurudi na ibuprofeni ya maji. Ikikutana na enalaprili, figo ndizo zinaweza kuumia. Mwambie muuzaji mtoto anatumia nini. Kwa kawaida parasetamoli iliyopimwa kwa uzito wake ndiyo salama zaidi.

Halafu kuna ndizi na madafu, eti kurudisha nguvu, kumbe vina potasiamu nyingi, madini ya mwilini. Furosemidi hutoa potasiamu, ila enalaprili na spironolaktoni, dawa nyingine ya kukojoza, huibakiza, na ikizidi inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Huwezi kujua kwa kumtazama mtoto, ndiyo maana anatolewa damu kupimwa figo na potasiamu, hasa dozi inapoongezwa. Shangazi anasema ni kutafuta pesa tu. Mimi tarehe ya kipimo nimeibandika kwenye friji.