Kupwelewa si kukwama

Siku hizi gari likinasa kwenye tope la masika, mtu anasema "limepwelewa". Hapana. Hilo limekwama.

Kupwelewa ni chombo kuachwa mchangani na maji yanayopwa, kisiweze kwenda mbele wala nyuma. Maana ya pili, ya mtu kuishiwa hata hajui ashike lipi, imezaliwa humo humo.

Utamu uko kwenye umbo la neno. Mzizi ni -pwa, yaani maji kutoka, kinyume cha kujaa. Ndimo lilimotoka neno pwani, mahali maji yanapopwa. Likivaa viambishi vyake linamgeukia aliyepatwa na jambo asilolitenda. Aliyefiwa hakufa yeye. Aliyenyeshewa hakunyesha. Hata aliyechelewa, mtazame vizuri, ana -cha ndani yake: kumekucha, naye yuko palepale. Kadhalika nahodha aliyepwelewa hakugonga kitu chochote, maji yamemwondokea.

Kukwama kunataka kitu kinachokushika: mwamba, tope, kisiki. Utasukuma, utavuta kamba, utachimba. Aliyepwelewa atasukumana na nani? Hapa Bagamoyo ufuko ni tambarare, maji yakitoka yanatoka mbali, na jahazi lisilowekewa magadi, yaani miti ya kulitegemeza lisimame wima, linalala ubavu mchana kweupe, watoto wanalizunguka kwa miguu. Mabaharia wanashuka, wanakagua mbao, mwenye pamba na sifa, yale mafuta ya papa, anapata nafasi ya kukalafati, yaani kuziba nyufa za mbao. Saa sita hivi zikipita, maji yamejaa tena na chombo kinaelea, hakuna aliyetoa jasho.

Balaa ni kupwelewa penye kilele cha bamvua, yaani siku maji yanapojaa kupita kiasi cha kawaida. Kuanzia hapo kila siku maji yanajaa pungufu ya jana, mpaka yawe maji mafu, na pale kilipo chombo hayafiki. Mtu anaweza kusubiri bamvua jingine, kama wiki mbili, anapika na kulala juu ya mchanga. (Wavivu wa zamani, nasikia, waliipenda sana ajali hii.)

Basi, ndugu zangu, mradi ambao kibali chake kimekaliwa ofisini semeni umekwama, maana kuna mkono umeushika. Ule uliokaukiwa na fedha za mfadhili, huo sawa, umepwelewa.