Oksimita haihesabu pumzi

Alhamisi iliyopita, saa nne usiku, mwanafunzi wa utabibu aliniita huku anatabasamu. "Sista, yule wa kitanda cha tatu ametulia sasa. Anapumua vizuri, anasoma tisini na nane."

Wa kitanda cha tatu ni baba mmoja aliyeletwa jioni kwa bodaboda, kabanwa katikati ya dereva na mjomba wake, baada ya kushinda kwenye nipa. Kwa msio wa huku kusini: uraka ni maji ya mabibo yaliyochachuka, na nipa ni hayo hayo yakishakenekwa. Uraka unakulaza. Nipa inaweza isikuamshe. Nilimkuta amelala chali, mdomo wazi, anakoroma, prongi (vijirija vya oksijeni) puani, lita tatu kwa dakika. Nikaweka kiganja kifuani mwake, nikatazama saa yangu ya mkononi dakika nzima.

Pumzi saba tu.

Na pale kidoleni, kwenye oksimita, kile kibanio kinachosoma asilimia ya oksijeni katika damu, kweli kabisa, 98. Kijana hakudanganya, alisoma alichokiona. Ila hii ni mara ya sijui ngapi mwaka huu mtu ananiambia "anapumua vizuri" huku macho yake yako kwenye kidole cha mgonjwa, hayajafika kifuani. Mimi ni mtaalamu wa dawa za usingizi katika hospitali moja mkoani Mtwara, na kwa kuwa hatuna mtu wa tiba ya upumuaji kama fani inayojitegemea (Marekani na Kanada wapo, wanasomea hilo tu), wanafunzi wakija wodini kwa mafunzo ya vitendo suala la pumzi huwa linaangukia kwangu. Basi leo nimeamua kuliandika, nipumzike kulirudia.

Oksimita haijui kama unapumua. Inapitisha mwanga wa aina mbili kwenye kidole, mwekundu na ule usioonekana kwa macho, kisha inalinganisha ni kiasi gani kimenyonywa na damu inayodunda. Wazo la kufuata hiyo damu inayodunda lilimjia mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, miaka ya mwanzo ya 1970, na kwa wazo hilo watu wa fani yangu tunapaswa kumwombea dua kila siku, maana kabla yake mtu wa usingizi alitegemea rangi ya midomo. Lakini kinachopimwa ni rangi ya damu, hakuna zaidi. Ni sawa na kuchungulia pipa la maji jikoni na kutangaza kwamba bomba linatoka. Pipa linaweza kuwa limejaa tangu juzi.

Kila kundi jipya nalifanyia mchezo mmoja. Nachukua mwanafunzi mwenye afya, nambandika oksimita, namwambia akate pumzi. Wenzake watazame namba. Sekunde ya 20, 98. Sekunde ya 40, 98. Kwenye 50 hivi macho yamemtoka, anapiga meza, anaachia pumzi kwa kishindo, na mashine bado inasema 98 au 97. Nawauliza: kwa dakika karibu nzima mwenzenu alipumua mara ngapi? Kimya. Mwaka jana mmoja alinijibu, "Lakini Sista, mashine ni mpya." Nilitoka nje kwanza.

Sasa tukiongeza oksijeni puani, uongo unazidi kunoga. Hapa ndipo vitabu vinapita mbio na mimi sitaki kupita mbio. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Kwenye usawa wa bahari kama Mtwara mjini, ukishatoa mvuke wa maji ulioko kwenye njia ya hewa, oksijeni inayoingia ina shinikizo la kama 150 kwa kipimo cha milimita za zebaki. Ndani ya vifuko vya mapafu inakutana na hewa ukaa inayotoka, nayo inataka nafasi yake. Kwako wewe unayesoma hapa, hewa ukaa ni kama 40. Gawa kwa 0.8 (uwiano wa hewa ukaa inayotoka na oksijeni inayotumika mwilini), unapata 50. Toa kwenye 150, inabaki 100. Safi.

Mtu wa nipa anapumua nusu ya anavyotakiwa. Hewa ukaa inapanda mpaka 80. Gawa kwa 0.8, ni 100. Toa kwenye 150, inabaki 50. Angekuwa anavuta hewa ya dirishani, oksimita ingeshuka kwenye themanini na kidogo au chini zaidi, ingelia, na kila mtu angekimbia. Lakini sisi tumemwekea prongi, oksijeni yake imefika asilimia 30 hivi. Ile 150 imekuwa kama 214. Toa ile 100 ya hewa ukaa, inabaki 114. Anakuzidi wewe! Kidole kinasoma 98, wodi iko kimya, na hewa ukaa ni ile ile 80, inaendelea kupanda, damu inachachuka, na yeye anazidi kulala. Tumeinunua ile namba kwa lita tatu.

Wakishanielewa hapo, wapo wanaorukia upande wa pili: "Basi tumtoe oksijeni." Jamani, hapana! Ukimtoa, hewa ukaa itabaki pale pale na oksijeni nayo itaporomoka, utakuwa umempa shida mbili. Anachohitaji ni kupumua. Tulimwinua taya, koromeo likafunguka na kukoroma kukaisha, nikamsaidia pumzi kwa Ambu, ule mfuko wa kusukuma hewa kwa mkono, huku kijana akipima sukari. Ilikuwa imeshuka, kama pombe inavyopenda kufanya kwa mtu asiyekula. Daktari wa zamu akaja, tukampa sukari kwenye mshipa, tukamlaza ubavu. Alfajiri aliamka akiuliza malapa yake yako wapi.

Hadithi inayofanana na hiyo, ila kinyume chake, ni ya msimu wa salfa. Kuanzia Juni hivi wakulima wanapulizia mikorosho salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, wengi wamejifunga kitambaa tu usoni, na wenye pumu wanaanza kuletwa. Mgonjwa anahema 36, mabega yanapanda, shingo imetoka misuli, hawezi kumaliza sentensi, na anasoma 95. Mwanafunzi anaandika "hali nzuri". Saa moja baadaye pumzi zimeshuka hadi 18, mluzi kifuani hausikiki tena, na mwanafunzi yule yule anaandika "amepata nafuu." Mama yangu! Aliyepata nafuu anakuomba maji na kukusimulia bei ya korosho. Huyu amechoka. Mluzi umenyamaza kwa sababu hakuna hewa ya kupiga mluzi. Kwa hiyo hata kuhesabu peke yake hakutoshi, uangalie na uso. Na swali langu la kwanza siku zote ni moja: anaongea maneno mangapi kwa pumzi moja?

Tuje kwenye ile ishirini inayojaa kwenye chati.

Fungua chati za wodi yoyote asubuhi. Kitanda cha kwanza, pumzi 20. Cha pili, 20. Bibi wa nimonia, 20. Kijana aliyevunjika mguu, 20. Wodi nzima inapumua pamoja kama kwaya ya Pasaka. Najua inavyotokea, nami niliwahi kuwa mwanafunzi: wagonjwa 30, muuguzi mmoja, joto na presha vina mashine, pumzi haina, basi mkono unaandika 20. Wenye bidii kidogo wanahesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, ndiyo maana wao wanapata 16, 20, 24 na 28 tu, hakuna mtu anayepumua 22 katika mkoa huu. Kwa mtu mzima aliyetulia kosa hilo linavumilika. Kwa mtoto ni balaa. Kichanga anapumua kwa mafungu, haraka haraka, kisha anatulia sekunde kadhaa, kisha anaanza tena. Ukihesabu robo dakika umekamata fungu au umekamata kituo.

Mipaka ya Shirika la Afya Duniani mnaijua: chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni za haraka, miezi 2 hadi 11, 50, mwaka 1 hadi 5, 40. Dakika nzima, mtoto akiwa ametulia kwenye mapaja ya mama, nguo imepandishwa. Ukihesabu juu ya kanga unahesabu kanga. Akilia, subiri. Akinyonya, subiri. Na mtu mzima usimwambie unahesabu pumzi zake, maana atabadilisha. Shika kiganja chake kama unapima mapigo, macho yawe kifuani.

Nitakiri jambo, maana naona nimewasema sana vijana. Mimi na mwenzangu tuliwahi kumhesabu mtoto mmoja wa miezi tisa kwa wakati mmoja, kila mtu na saa yake. Mimi 46, yeye 52. Tukarudia: 49 na 51. Mpaka wa nimonia unapita katikati yetu. Tulimtibu, alipona, lakini kama angepona bila dawa siwezi kukuapia.

Mengine nayataja kwa haraka. Piko nyeusi na rangi nzito ya kucha vinaweza kuzuia mwanga, na bibi harusi akiugua hapa kwetu vidole vyote kumi vimepakwa, kwa hiyo tafuta sikio. Vidole vya baridi na mshtuko vinaharibu usomaji. Kama mapigo kwenye skrini hayalingani na unayoyashika mkononi, usiiamini hata hiyo asilimia. Aliyelala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa atasoma 99, kwa sababu moshi umeipaka damu rangi ya oksijeni. Mtoto wa malaria mwenye damu kidogo sana naye atasoma 99: magari yote yamejaa abiria, ila yamebaki matatu.

Barakoa usiiwekee chini ya lita 5, mgonjwa atavuta hewa yake mwenyewe iliyotumika. Mtungi mkubwa wa lita 6800 kwa lita 5 kwa dakika unakwisha chini ya saa 23, kwa hiyo piga hesabu kabla ya umeme kukatika na konsentreta (mashine ya kutoa oksijeni hewani) kunyamaza. Njiti anayepewa oksijeni asivuke 95, macho yake yataharibika. Kwake 100 ni namba mbaya.

Kilichobaki ndicho kinachoninyima usingizi, na sina jibu. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan walichapisha barua katika New England Journal of Medicine. Walilinganisha oksimita na damu iliyochukuliwa kwenye ateri. Miongoni mwa vipimo ambavyo kidole kilisoma 92 hadi 96, damu yenyewe ilikuwa chini ya 88 katika karibu asilimia 12 kwa wagonjwa Weusi, na karibu asilimia 4 kwa Weupe. Kule waliweza kujua kwa sababu mashine ya kupima damu ya ateri ipo. Kwangu haipo. Wodi yangu nzima ni ngozi nyeusi, mpaka wa kuanza oksijeni ninaofundisha ni 90, na nikisimama mbele ya wanafunzi kuuandika ubaoni mkono unasita kidogo. Nikiona 93 na kifua kinachohangaika, mimi naanza oksijeni. Si kwa sababu mwongozo umesema. Kifua ndicho nilichokiona kwa macho yangu.

Yule kijana wa Alhamisi, tusimwonee, Ijumaa usiku nilimkuta amevuta kiti kando ya bibi wa nimonia, mkono umeshika kiganja chake, midomo inacheza kimyakimya. Aliandika 27. Nilikaa nikahesabu mwenyewe, nikapata 29.

Jumatatu linaingia kundi jipya. Waje na saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, elfu kumi tu sokoni, simu sizitaki. Oksimita ya wodi ya mafunzo nitaifungia kwenye droo yangu mpaka Jumatano.