Bastola ndogo inapokwama, ianze kuchunguzwa magazini

Mteja akiniambia kwamba bastola yake inakwama, jambo la kwanza ninalotaka kujua ni mahali iliposimama, kwa sababu kukwama si ugonjwa mmoja. Katika bastola nyingi za milimita 9, risasi ikilipuka, slaidi (kile chuma cha juu kinachoteleza mbele na nyuma) na mtutu hurudi nyuma pamoja kwa milimita chache, kisha sehemu ya nyuma ya mtutu hushuka na kuachana na slaidi, ambayo huendelea peke yake huku kulabu yake ikivuta ganda na kulirusha nje. Springi inapoirudisha mbele, slaidi huchota risasi nyingine kwenye magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, na kuipandisha kwenye mteremko mdogo wa chuma hadi chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi. Bastola ndogo hufanya kazi hiyo kwa slaidi nyepesi, springi ngumu na mwendo mfupi, kwa hiyo magazini huwa na muda mchache sana wa kuinua risasi inayofuata.

Ndiyo maana pua ya risasi ikigota kwenye mteremko, mimi huishuku magazini kabla ya kitu kingine chochote. Mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo aliniletea bastola ambayo mtu alikwisha kuipigia msasa kwenye mteremko ili “iteleze”, na bado ilikuwa inakwama.

“Fundi, hii ni ya kurudisha dukani tu,” alisema.

“Mzee, nipe kwanza na ile magazini nyingine.”

Kwa magazini ya pili haikukwama hata mara moja. Ile ya kwanza ilikuwa imeanguka sakafuni, na mmoja wa midomo yake miwili ya juu inayoshikilia risasi ulikuwa umefunguka kiasi ambacho jicho halikioni upesi, hivyo risasi ilitoka ikiwa imeinuka kupita kiasi. Tangu hapo humshauri kila mteja aandike namba kwenye magazini zake, ajue ni ipi inayomsumbua. Msasa nao sitaki kuusikia: chuma kikishaondolewa hakirudishwi, na mteremko uliobadilishwa pembe huharibu bastola iliyokuwa nzima.

Ganda lililobanwa na slaidi kabla ya kutoka lina habari nyingine. Mara nyingi mkono ndio umelegea: kiganja kikirudi nyuma pamoja na bastola, slaidi hukosa kitu cha kuegemea na haimalizi mwendo wake. Kosa hili huonekana zaidi kwenye bastola nyepesi zenye mpini mfupi. Mkono ukiwa imara na tatizo likabaki, angalia masizi chini ya kulabu, kisha jaribu risasi za aina nyingine, maana risasi zenye nguvu ndogo hazitoshi kuisukuma springi ngumu.

Hapa Dar es Salaam kuna pia jasho na hewa ya chumvi. Bastola inayobebwa kiunoni chini ya shati siku nzima huanza kutu kwenye springi na kwenye pini kabla haijaonekana nje. Wengine hukimbilia kuilowesha mafuta, ambayo hukusanya vumbi hadi slaidi ishindwe kujifunga kabisa. Tone moja kwenye kila reli ambayo slaidi hutelezea linatosha. Mafuta ya kula, ambayo nimeyakuta zaidi ya mara moja, hugeuka gundi.

Kabla ya uchunguzi wowote, toa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi na kukagua chemba kwa jicho na kwa kidole; ukigeuza utaratibu huo, slaidi itapakia risasi nyingine bila wewe kujua. Mezani ninajaribu kwa risasi bandia pekee. Na ukiwa kwenye uwanja wa shabaha ukasikia mlio hafifu kuliko kawaida, usikoki tena hata kama slaidi inakubali: kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimebaki ndani ya mtutu, na risasi itakayofuata inaweza kuupasua. Ielekeze bastola kwenye shabaha, toa magazini kwanza, kisha risasi iliyo chembani, bila kufyatua, halafu umpelekee fundi mwenye leseni.