32/64 sio nusu, jamani

Kila ripoti ya majaribio ya kisima cha gesi ikivuja kwenye magrupu ya WhatsApp lazima atokee mtu ameona "choki 32/64" (choki ni kile kifaa cha juu ya kisima chenye tundu la kubana gesi) aanze: mmefungua nusu tu, nusu ya pili mnamfichia nani? Na wanaomuunga mkono wengine ni mainjinia kabisa. Nimechoka.

Hiyo 64 sio choki ikiwa wazi yote. Ni kipimo tu, inchi moja imegawanywa mara 64, kwahiyo 32/64 ni tundu la nusu inchi, basi. Choki za 128/64 zipo, yaani inchi mbili, hapo utasema tumefungua asilimia 200? Na hata 64 ingekuwa ndo mwisho bado hesabu yako mbovu, maana gesi inapita kwenye eneo la tundu, na ukipunguza kipenyo nusu eneo linabaki robo. Kutoka 16 kwenda 32 umeongeza njia mara nne, ndo maana anayejua kazi anapanda taratibu, 16, 20, 24, anasubiri presha itulie, anacheki mchanga, ndo anaendelea.

"Sasa si mfungue yote, umeme ni shida?" Haya, fungua. Presha kwenye mdomo wa kisima itashuka, na kila hatua gesi ya ziada inazidi kuwa kidogo, mpaka choki haibani tena kitu, kinachobana ni tubing, lile bomba la ndani ya kisima, na mwamba wenyewe. Huko chini umeshavuta kwa nguvu mno, mchanga unaachia, maji yanapanda, na maji yakishapata njia kuyarudisha ni kazi kwelikweli. Gesi ya Songo Songo inalisha Dar tangu 2004, haikufika hapa kwa kufungua yote. Ila salama ni kiasi gani? Vitabu vinaongea kama kuna namba. Ukweli kila kisima na tabia zake, tunakisia kwa majaribio na kwa visima jirani, na tunakisia kwa woga.

Lakini inayonikera kuliko zote ni "shusheni presha ya bomba gesi iongezeke". Inategemea! Kwa gesi, presha ya baada ya choki ikishuka chini ya kama asilimia 55 ya ile ya kabla yake, gesi pale kwenye tundu inakimbia kwa spidi ya sauti, na habari za bombani haziwezi kurudi nyuma kupita hapo. Kisima kina bar 100, bomba liwe bar 50 au 30, kisima hakina habari. Hali hiyo hatuioni kama kasoro, tunaitafuta makusudi, ili huko mbele mitambo ikiyumba kisima kisiyumbe nayo. Kukiwa na mafuta au maji ndani, hiyo 55 inahama, na fomula ya Gilbert ya 1954, ya kukadiria kinachopita kwenye choki, ambayo wote tunaikimbilia ilitokana na visima vya mafuta vya California, huku tunaitumia kwa heshima halafu tunaisahihisha kwa vipimo vya separeta, chombo kinachotenganisha gesi, mafuta na maji.

Baridi pia. Presha ikianguka ghafla bomba baada ya choki linaota barafu kwenye jua la Mtwara, haidreti, yaani vitu kama barafu vya maji na gesi, zikianza kuganda unaingiza methanoli bombani. Hiyo siku nyingine.

Na namba yenyewe usiiamini sana. Presha ya kisima inashuka, gesi inaongezeka, na hakuna aliyegusa hendeli? Choki imeliwa. Nimeshashika bini, kile kipande chenye tundu ndani ya choki, ya tangsteni kabaidi, kitu kigumu hicho, tundu limekuwa kama yai, upande mmoja mchanga umechimba mfereji unaoingia ukucha, na ubavuni bado imegongwa 32.

Halafu kuna wanaotumia choki kuzima kisima. Choki haifungi kisima! Ukiibana mpaka mwisho huku gesi inapita, sindano inayoziba tundu na kiti chake vinaliwa na kesho haibani hata ulipotaka ibane. Kufunga ni kazi ya valvu za kisima, ya pembeni ("wing") na ya kuu ("master"), na hata ukienda kubadilisha bini unafunga huko kwanza, unatoa presha yote, unahakikisha geji imesoma sifuri, ndo unagusa kifuniko.